Mkataba wa masomo kwanza, tiketi baadaye

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa pili wa uchumi, umeteuliwa kwenda Ulaya muhula mmoja kwa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na unaogopa kurudi ukakuta masomo ya kule hayahesabiki. Hofu yako ni ya haki. Shikilia mkataba wa masomo: usainiwe kabla hujaondoka, na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Humo yaandikwe masomo utakayosoma kule na yale ya hapa yatakayofidiwa. Muhula kamili ni krediti 30 za Ulaya (vipimo vya uzito wa masomo), na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nje. Mpelekee mkuu wa idara mihtasari ya masomo, si majina tu, maana ekonometriki (takwimu za uchumi) ya kule inaweza kuanzia pale ya kwenu ilipoishia. Ukifika ukakuta somo limeondolewa, mkataba urekebishwe kwa maandishi mara moja. Ahadi ya mdomo haitakusaidia ukirudi.

Ada ya kule hutatozwa, ila ya chuo chako inaweza kuendelea. Muhula unazidi siku 90, kwa hiyo utahitaji visa ya muda mrefu au kibali cha ukaazi. Anza kuishughulikia barua ya mwaliko ikifika tu. Hongera sana.