Tuta, drifti na mgongo wa daraja: tuviandikeje kwenye ramani?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni dereva wa bajaji hapa Ujiji, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiongeza barabara za mitaa yetu kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Matuta nayaweka, lakini kuna mahali barabara inazama kuvuka korongo, na pengine daraja dogo limeinuka mgongo hata bajaji yenye abiria watatu hukwaruza tumbo. Mwenzangu anasema yote niyaandike kuwa ni matuta, kwa kuwa dereva atapunguza mwendo vilevile. Je, ni sahihi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ana nia njema, lakini usimfuate. Katika ramani hiyo, tuta ni kitu kilichojengwa makusudi ili kumpunguza dereva mwendo. Ukiliita korongo tuta, anayetafuta shule zisizo na matuta ya kuwalinda watoto atapotoshwa, na anayesafiri usiku wa mvua hatajua kwamba mbele yake kuna maji.

Matuta yenyewe hayafanani. Lile jembamba la sentimita 30 hivi lina lebo yake, yaani neno la kulitambulisha kwenye ramani, lile pana la mita 2 hadi 4 lina yake, na lile lenye mgongo bapa, ambalo magurudumu ya mbele na ya nyuma hukaa juu yake kwa pamoja, lina yake pia. Rasta, yaani vijituta vidogo vilivyopangwa kwa mfuatano, nazo zimetengwa. Kila moja huwekwa kama nukta juu ya mstari wa barabara, si kando yake.

Kwenye korongo, jiulize kwanza maji yanapita wapi. Yakipita juu ya bamba la zege lililolazwa sakafuni, hiyo ni drifti. Iandike kuwa kivuko cha maji, na kama hukauka kiangazi, useme hivyo. Yakipita chini, kwenye kalavati, basi lebo ya kalavati ni ya mstari wa mto, na barabara huiachi bila neno: mzamo ukiwa mkali, una lebo yake miongoni mwa zile za hatari.

Daraja hukatwa kama kipande cha barabara, kuanzia linapoanza hadi linapoishia, likapewa lebo ya daraja, umbo lake la mgongo na namba ya tabaka. Hapa wengi hukosea, nami nakusihi uwe makini: tabaka la 1 husema tu kwamba barabara iko juu ya mto, halisemi iko juu kwa mita ngapi, wala kuandika 3 hakuliinui daraja.

Usitegemee kompyuta itajua umbo hilo yenyewe. Nukta za barabara hubeba latitudo na longitudo tu, na programu nyingi hukopa mwinuko kutoka vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, ambavyo kila kimoja huwakilisha mraba wa takriban mita 30. Korongo la mita 8 humezwa lote ndani ya mraba mmoja. Wewe uliyesikia chuma kikikwaruza zege ndiye unayejua, kwa hiyo kwenye sehemu ya maelezo ya daraja hilo andika wazi kwamba chombo chenye tumbo la chini hugusa kikiwa na mzigo.