Kopo linasema 275, ndoo yako inasema ngapi?

Maswali ya wasomaji: rangi, laka na vanishi za mbao

SWALI: Wahariri, salaam. Nina karakana ndogo ya makabati hapa Anaheim, California. Nimezoea kupaka mbao rangi ya unga iliyoyeyushwa kwa spiriti, halafu napuliza laka ya nitroselulosi. Nikaambiwa spiriti inahesabiwa kwenye VOC (viyeyusho vinavyochafua hewa) lakini asetoni haihesabiwi. Basi laka yangu ya zamani, ambayo kopo lake limeandikwa gramu 680 kwa lita, nikaichanganya na asetoni nusu kwa nusu. Sasa si iko 340? Na nikiongeza asetoni zaidi si itafika kikomo cha 275?
— *Fundi makabati, Anaheim*

JIBU: Hapana, ndugu fundi. Laka yako bado ni 680, na ungeitia hata ndoo nzima ya asetoni ingebaki 680.

Anaheim iko chini ya mamlaka ya hewa ya South Coast AQMD, na samani au makabati yanayomaliziwa karakanani yanafuata Kanuni ya 1136. (Ukienda kupaka ndani ya nyumba ya mteja, milango na ngazi zilizokwisha kufungwa, hapo ni Kanuni ya 1113, yenye jedwali lake.) VOC ni viyeyusho vinavyoruka hewani. Vikikutana na moshi wa magari na jua kali huzaa ozoni, na bonde la eneo hilo, lililozungukwa na milima, huishikilia. Asetoni huchangia kidogo mno katika mchakato huo, ndiyo maana serikali ya Marekani iliitoa kwenye orodha mwaka 1995.

Linalowachanganya mafundi wengi ni kwamba kanuni ina hesabu mbili tofauti.

Kwa laka, sila (mkono wa kwanza wa kuziba mbao) na rangi nzito, unachukua gramu za VOC na kuzigawa kwa ujazo uliobaki baada ya kutoa maji na viyeyusho vilivyosamehewa. Lita 1 ya laka yako ina gramu 680. Umeongeza lita 1 ya asetoni, sasa una lita 2, lakini lita ile ya asetoni inatolewa kwenye hesabu. Inabaki 680 kugawa kwa 1. Kikomo cha laka ya juu na sila ni 275. Watunga kanuni waliliona pengo hilo mapema: kama kuongeza maji kungeshusha namba, kila mtu angeuza laka ileile ikiwa nyepesi zaidi, nasi tungepuliza mikono sita badala ya mitatu.

Kwa rangi nyepesi za kupenya, zenye yabisi (kinachobaki rangi ikikauka) isiyozidi takriban gramu 120 kwa lita, hesabu ni kwa lita nzima ya mchanganyiko, pamoja na maji na asetoni. Kikomo ni gramu 120 za VOC kwa lita. Hapa asetoni na maji vinakusaidia kweli. Spiriti ina uzito wa gramu 790 hivi kwa lita, kwa hiyo unaruhusiwa kama mililita 150 tu katika kila lita ya rangi, sawa na gramu 118 au 119. Sehemu ya lita iliyobaki ijazwe asetoni au maji, kulingana na unga wako. Unga wa kuyeyuka kwenye maji hautayeyuka kwenye asetoni. Utaganda chini kama masimbi ya kahawa. Rangi zenye madini ya metali hukubali asetoni vizuri.

Lakini rangi ya asetoni kwa kitambaa ni mateso. Inakauka kabla hujafika mwisho wa ubao, na kila unaporudia panaacha mstari mweusi. Ipulize. Kama unapaka kwa mkono, hamia kwenye rangi ya maji: gramu 15 za unga kwa lita 1 ya maji moto yaliyokenekwa, si ya bomba, kwani chuma kidogo kwenye maji kinaufanya mwaloni uwe na mabaka meusi. Usihifadhi kwenye kopo la bati kwa sababu hiyohiyo. Loanisha ubao kwanza kwa maji matupu, uache ukauke kabisa, upitishe msasa namba 240 kwa mkono mwepesi ili kukata nyuzi zilizosimama, ndipo upake. Mimina kwa wingi, futa ziada kabla haijakauka. Ukiruka hatua ya kuloanisha, nyuzi zitasimama chini ya laka, na utakapozisaga utatoboa rangi mpaka kwenye mbao nyeupe.

Kwa laka, nunua iliyotengenezwa 275 tangu kiwandani. Nyingi zimejaa asetoni, nayo inaruka haraka na kupoza uso wa mbao. Unyevu wa hewa unaganda juu yake na laka inakuwa na ukungu mweupe. Fundi anakimbilia ritada, kiyeyusho cha kuchelewesha laka kukauka. Hapo ndipo anapovunja kanuni bila kujua. Chukua lita 1 ya laka ya 275 ambayo nusu yake ni asetoni: ina gramu 137.5 za VOC ndani ya nusu lita inayohesabiwa. Tia ritada, tuseme mililita 50 za butili selosolvu, gramu 45. Sasa ni 182.5 kugawa kwa 0.55, yaani 332. Vijiko vitatu hivi vya mezani tu vimekutoa nje. Afadhali upulize mkono mwembamba, usubiri unyevu ushuke, au utumie laka ya maji. Asetoni ya kupunguza uzito haikuharibii namba, ila inaongeza ukungu.

Bunduki iwe ya HVLP (hewa nyingi, shinikizo dogo), isiyozidi psi 10 kwenye kofia ya hewa; ile ya kawaida ya psi 40 hairuhusiwi kwa sababu sehemu kubwa ya laka inapita pembeni ya mbao. Brashi, rola na kuchovya ni halali. Kusafishia bunduki kuna Kanuni ya 1171 yenye kikomo cha gramu 25, kwa hiyo thina ya laka ya kawaida haifai, asetoni inafaa. Na andika kila siku: jina la bidhaa, kiasi, ulichoongeza na kwa uwiano gani. Mkaguzi anaangalia ulichomwaga kwenye ndoo, wala hatosheki na karatasi ya kopo.

SWALI: Nimenunua kopo la vanishi lililotoka Ulaya, limeandikwa "A/e: 400 g/l (2010)". Ina maana gani kwetu?
— *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hiyo ni lebo ya Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2004/42. Kundi "e" ni vanishi na rangi za mbao za milango, fremu na mapambo ya ndani na nje. Kikomo tangu 2010 ni gramu 400 kwa lita kwa zile za thina, na 130 kwa zile za maji. Mstari wa pili wa kopo unataja kiwango chake halisi. Namba hiyo inahusu vanishi ikiwa tayari kupakwa, pamoja na kile kiwanda kinachokuambia uongeze. Thina unayoongeza kwa mazoea haimo. Kikomo ni cha Ulaya, si cha Kenya, ila ni njia rahisi ya kulinganisha makopo mawili dukani.

SWALI: Kama bidhaa ina VOC ndogo, bado nahitaji barakoa?
— *Fundi, Dar es Salaam*

JIBU: Ndiyo, tena kwa uangalifu zaidi. Namba ya VOC inapima madhara kwa hewa ya mji, haipimi mapafu yako. Vanishi ya poliyurethani ya kuchanganya sehemu mbili inaweza kuwa na VOC ndogo huku kigandishi chake kikiwa na isosayanati, inayoweza kukuletea pumu ya kudumu. Hiyo hupulizwa kwa barakoa ya hewa inayoletwa kwa bomba. Kwa asetoni, kichujio chenye mstari wa kahawia wa aina ya A kimetengenezwa kwa viyeyusho vinavyochemka juu ya nyuzi 65, na asetoni huchemka kwenye 56. Inapenya mapema. Tafuta aina ya AX, fungua milango pande zote mbili, na zima jiko la mkaa la jirani: asetoni hushika moto hata ikiwa baridi.