Gari ikikufia mlimani na mzigo, usikimbilie pampu, anza na filta ya dizeli

Nyinyi mnaoanza gereji, na hata wewe ulonunua pikapu yako ya kwanza juzi na kila ikikohoa unaipeleka kwa fundi, haya naandika kwa ajili yenu mana nimechoka kuona watu wanafungua pampu ya mafuta ya injini wakati ugonjwa wenyewe uko kwenye kikopo cha bei rahisi.

Msimu mmoja wa karafuu, mie bado tandaboi, tunatoka Kengeja, kusini ya Pemba, na Hilux ya dizeli injini 3L (hilo jina la injini, si lita), nyuma mapolo, yaani magunia, ya karafuu kavu yamepangwa mpaka yamepita kebini na juu yake wamekaa watu watatu. Barabara ikiwa sawa gari haina neno, ikianza kupanda tu inakata, dereva anashusha gia, anakanyaga mpaka chini, wapi, inatikisika mara mbili tatu halafu kimya. Tunashuka tunaweka mawe kwenye tairi, tunakaa kama dakika kumi, piga selfu inawaka kama vile haijafanya kitu, inapanda hatua mia inazima tena. Mpaka tunafika Mtambile tushaweka mawe mara nne na mwenye mzigo hasemi na mtu.

Kufika Chake akatokea wa kusema pampu imekwisha, ifunguliwe ipakiwe boti iende Unguja ikapimwe, na mwenye gari alishakubali. Mzee wangu wa gereji akasema subirini kwanza. Akafungua filta, vilivyomo akavimimina kwenye gilasi ya chai, akaiweka juu ya ukuta penye mwanga. Mwanzo yote rangi moja, chafu kama supu ya pweza. Tukaendelea na mambo mengine, kurudi imeshajigawa, juu dizeli, chini maji vidole viwili kamili, na hapo katikati utando mweusi, ukiugusa na kijiti unavutika kama bamia. Filta mpya ikafungwa, hewa ikatolewa, mapolo yakarudi juu ya gari na safari ikaendelea. Pampu haikuguswa. Ile gilasi tu ndo hatukuinywea tena.

Sasa mwanafunzi ajiulize, kwa nini tambarare inakwenda na mlimani inakufa? Gari ikienda taratibu inakula mafuta kidogo, hata karatasi ya filta ikiziba nusu yanayopita yanatosha. Ukipandisha na mzigo injini inadai mengi kwa mara moja, filta haipitishi, pampu inavuta haipati, injini inakufa na njaa. Ukiiacha ikapumzika mafuta yanajipenyeza kidogo kidogo upande wa pili, ndo mana ukipiga selfu inakubali. Kwa hiyo ukisikia mteja anasema "inawaka vizuri lakini haina nguvu mlimani" au asubuhi inasumbua kuwaka au kwenye dashibodi imewaka taa ya njano ya filta yenye alama ya matone, usimpeleke mbali. Ile taa mara nyingi ni maji, yameshajaa chini ya filta, na wengi wanaiangalia wiki nzima mana gari bado inakwenda.

Haya iko wapi. Wanafunzi wengi kosa lao la kwanza ni kufungua filta ya oili wakidhani ndo hii, kuna kijana wangu oili ilimshuka mkononi mpaka kwapani. Filta ya oili imejishika kwenye bloku ya injini yenyewe. Ya dizeli inataka paipu, kwa hiyo tafuta kopo lililofungwa pembeni, kwenye bodi ndani ya boneti, limeingiwa na mipira miwili ya mafuta, mmoja unatoka tangini na mmoja unakwenda kwenye pampu. Hilux za 2L, 3L na 5L juu yake utakuta kidude cha kubonyeza na kiganja, hiyo ndo pampu ya mkono, na chini kuna waya wa kuonesha maji pamoja na kikoki cha kumwagia. Isuzu na L200 za dizeli nyingi ni mtindo huo huo. Ukiwa huijui gari usikisie, shika mpira unaoingia kwenye pampu ya injini ufuate nyuma, utafika tu.

Kabla hujafungua chochote osha. Nasema tena osha, mana huku kwetu vumbi la udongo mwekundu linakaa kwenye kila kona na ukifungua filta vile vile lilivyo basi umeuondoa uchafu mmoja umetia mwengine. Pangusa kichwa cha filta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, weka beseni chini, chomoa soketi ya waya, fungua kikoki yamwagike yaliyomo, na yakusanye kwenye chupa ya maji ya plastiki inayoonesha ndani. Hii chupa usiitupe, iweke ikae, hiyo ndo daktari wako. Ukiona maji ujue tangi lina maji. Ukiona vumbi la kutu tangi linaoza. Ukiona ule utando wa bamia, hao ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaishi pale maji na dizeli vinapokutana, na wakishaota kwenye tangi filta mpya haitadumu.

Filta ikiwa ngumu tumia mnyororo wa kufungulia au ule mkanda. Kuna wanaotoboa na bisbisi wakazungusha, sawa inatoka, lakini karatasi na vipande vya bati vinaangukia kwenye beseni lako na mara nyengine zile nyuzi za kufungia kwenye kichwa zinaumia, mie siipendi. Ukishaitoa, kile kitambuzi cha maji cha chini kinatakiwa kihamishwe kwenye filta mpya, nacho kina oringi yake, kimpira cha duara cha kuziba, nyingi zinakuja na mpya ndani ya boksi, itumie, usirudishe ya zamani kwa sababu inaonekana nzima. Hicho cha plastiki usikibane na plaizi kwa nguvu za hasira, kitapasuka na hicho kukipata peke yake huku kisiwani utazunguka maduka yote.

Hapa ndo penye kisa changu. Siku ya kwanza nimeachiwa kazi peke yangu, gari ya mtu anayechukua samaki Wete alfajiri, nikatoa filta nikaweka mpya, nikabonyeza pampu ya mkono mpaka kidole gumba kinauma, gari ikawaka, nikajisikia fundi. Alfajiri simu. Gari haiwaki. Nikaenda, nabonyeza, inawaka, dakika mbili inazima. Naangalia chini hakuna hata tone, kukavu kabisa, nikasema basi si filta hii. Betri ikafa, tukaletewa nyengine, nayo ikachoka, jua limetoka, samaki wa watu washauzwa na wengine. Alipokuja mzee hakuuliza kitu, alifungua filta yangu akapitisha kidole juu kwenye kichwa, akabandua mpira, ule wa duara unaoziba kati ya filta na kichwa chake. Mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kule juu na mie nimefunga mpya juu yake, mipira miwili imekaliana.

Na kwa nini halikudondoka tone? Hili lishikeni. Kwenye hizi dizeli filta iko upande wa kuvuta, mafuta hayasukumwi kutoka tangini, yananyonywa na pampu ya injini. Kwa hiyo pakiwa na mwanya mafuta hayatoki nje, hewa ndo inaingia ndani. Kukavu huko huko kunakudanganya. Tangu siku ile sifungi filta mpya mpaka nimeona mpira wa zamani kwa macho, uko kwenye filta ya zamani au uko mkononi mwangu. Na ukishuku hewa, weka kipande cha mpira mweupe unaoonesha ndani kati ya filta na pampu, washa, ukiona mapovu yanapita umempata mwizi.

Kufunga ni mkono tu. Pakaza dizeli safi kwenye mpira mpya, zungusha taratibu mpaka mpira uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko basi. Ule mnyororo ni wa kufungulia si wa kufungia, ukikaza nao mpira unajikunja na atakayekuja kufungua safari ijayo atakulaani. Kisha bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, piga selfu sekunde chache, acha, bonyeza tena. Injini za zamani zikikataa kabisa unalegeza nati za paipu kwenye nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, mwenzako anapiga selfu, zikianza kutema mafuta unakaza. Selfu usiishikilie dakika nzima, utaiunguza.

LAKINI hii ya kulegeza nati isijaribiwe kwenye Vigo na hizi Hilux za baadae zenye injini 1KD na 2KD, wala gari yoyote ya komoni reli, yaani dizeli ambayo nozeli zote zinalishwa na paipu moja lenye presha kubwa. Kule mafuta yanasukumwa kwa zaidi ya baa 1,000, na tairi la pikapu yako unalijaza baa mbili na ushei tu. Mchirizi mwembamba wa mafuta hayo unaingia kwenye ngozi kama sindano na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono, ukiona tundu dogo tu usidharau, hospitali moja kwa moja. Na kitu kingine kwenye hizo gari, ile tabia yetu ya kujaza filta mpya kwa dizeli kabla ya kuifunga iacheni, ukimimina kwenye tundu la katikati umeshapita karatasi, uchafu wa dumu lako unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli, na nozeli za gari hizo bei yake itamfanya mteja akae chini. Funga kavu, bonyeza pampu ya mkono, kuwa na subira.

Petroli nitapita haraka mana gari ya kubebea mizigo ya petroli sikutani nazo sana. Za kabureta utaona kichujio kidogo cha plastiki kwenye mpira wa mafuta, kina mshale, mshale uelekee injini. Za sindano, zinazopuliziwa mafuta bila kabureta, ama ni kopo la chuma kwenye njia ya mafuta ama siku hizi imo ndani ya tangi pamoja na pampu. Hapa pampu inasukuma, kwa hiyo ukifungua bila kupunguza presha unarushiwa petroli usoni, toa fyuzi ya pampu, washa mpaka izime yenyewe, toa taminali hasi ya betri, ndo ufungue kwa spana mbili, moja inashika moja inazungusha, usije ukanyonga paipu. Na hakuna sigara, hakuna simu ya kujimulikia mdomoni huku umelala chini ya gari, na kama ilikuwa inatembea sasa hivi acha ipoe kwanza.

Watu wananiuliza nibadili baada ya kilomita ngapi. Kitabu cha gari kina yake, lakini kitabu hakijui kama unajaza kutoka kwenye madumu yaliyokaa nje masika nzima. Mie gari za mzigo nabadili kila kilomita 10,000, na kikoki cha chini nakifungua kila wiki mbili, masika kila wiki, inachukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Tangi usiliache robo usiku kucha, hewa yetu hii ya bahari imejaa unyevu na ukibaridi inageuka matone kwenye kuta za tangi. Ukinunua ya dumu acha litulie, mimina kwa kitambaa na ile ya mwisho chini iache humo humo. Filta yenyewe pale dukani ishike mkononi, angalia nyuzi na mpira, zile nyepesi kama kopo tupu zirudishe kwa adabu. Yale mafuta machafu ya kwenye beseni usiyamwage mtaroni, huku mtaro ukishuka unaishia kwenye mikoko, yakusanye kwenye dumu, kwetu wanakuja kuyachukua wenye nguzo zinazoliwa na mchwa.

Ukimaliza andika tarehe na kilomita kwa maka juu ya kopo. Na ikiwa umeshabadili, wiki haijaisha ukafungua kikoki ukakuta maji tena kwenye chupa, usimuuzie mtu filta ya pili, teremsha tangi.