Uhamishe pamoja na fito zake

Mhariri, swali la wiki hii ni la msomaji ambaye mmea wake wa kutambaa umekaa miaka kwenye chungu kimoja mpaka mizizi inatokeza chini, na juu umejisokota kwenye fito. Anataka kujua atauhamishaje bila kuuvunja. Wengi watamjibu kuhusu mizizi. Mimi ningeanzia juu, maana mizizi ikikatika kidogo huota mingine, lakini shina kuu likivunjika karibu na udongo, kila kilicho juu yake kimekwenda.

Kwanza aangalie fito zimesimama wapi. Kama zimechomekwa ndani ya chungu, asithubutu kuufumua mmea. Azing'oe pamoja na bonge la udongo na kuzichomeka pamoja nalo kwenye chungu kipya. Kama mmea umeshika ukuta au waya, hapo hakuna ujanja ila kukata: apunguze matawi kwa theluthi moja hivi, yaliyobaki ayafunge mafungu mawili matatu kwa kitambaa laini, ndipo ayabandue. Vikono vilivyojiviringa avikate tu kwa mkasi. Vilivyokomaa havijifungui, na mmea utatoa vingine. Kukata kuna faida nyingine pia: mizizi iliyotikiswa hainywi maji kama kawaida, kwa hiyo majani yakipungua, nayo hupata nafuu.

Sasa chungu. Huruma huwaponza watu hapa. Mmea umebanwa, basi wanautafutia chungu mara mbili ya kile cha kwanza ili "upumue". Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji siku nyingi, na mizizi huoza ndani yake. Kipenyo kikiongezeka sentimita 3 hadi 5 kinatosha, ila kwa mmea mkubwa sana unaweza kwenda hadi 10. Uzito wa chungu ni jambo jingine, na kwa mimea hii una maana kuliko kwa mingine: chungu cha plastiki chepesi chenye mmea mrefu juu kitaangushwa na upepo. Cha udongo ni kizito na hupitisha hewa, ingawa hukauka upesi. Vyovyote iwavyo, kiwe na matundu chini. Na zile kokoto za "kusaidia maji yatoke" aziache. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hutuama juu yake, kwa hiyo sehemu yenye unyevu mwingi inapandishwa karibu zaidi na mizizi.

Siku moja kabla ya kuhamisha, amwagilie vizuri. Bonge lenye unyevu hutoka zima. Chungu akilaze ubavuni, apitishe kisu ukingoni, kisha avute kwa kushika bonge lenyewe, si shina. Mtu wa pili wa kushikilia fito ni muhimu kuliko kifaa chochote.

Mizizi iliyojizungusha kama kamba aifumue kwa vidole, na ile iliyokaza sana aichane kwa kisu pembeni. Akiiacha hivyo itaendelea kuzunguka humo humo hata ndani ya chungu kipya. Asumini huvumilia hayo. Bogenvilia haivumilii: mizizi yake ni myepesi kukatika na haipendi kuguswa, na isitoshe huchanua vizuri zaidi ikibanwa kidogo. Kwa hiyo kama ni bogenvilia na bado inatoa maua, ningeiacha ilipo, nitoe sentimita 5 za udongo wa juu na kuweka mboji mpya. Kuhamisha si lazima kila mara.

Udongo wowote mwepesi wenye mboji na mchanga wa chembe kubwa utafaa. Shina likae kwenye kina kile kile lilichokuwa nacho, na ukingo wa chungu ubaki wazi sentimita 2 au 3 ili maji yasimwagike nje. Udongo aushindilie taratibu kuzunguka fito, kwa sababu fito zikilegea mmea mzima utayumba na mizizi michanga itakatika kila upepo unapovuma.

Amwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha akiweke chungu mahali penye mwanga usio mkali kwa wiki moja au mbili. Majani machache ya chini yatageuka manjano. Wengi hukimbilia mbolea wakiona hivyo, na hiyo huunguza mizizi ambayo bado ina vidonda. Asubiri wiki 4 hadi 6, au mpaka aone machipukizi mapya. Yakishatokea, ayaelekeze kwenye fito yangali laini, maana yakikomaa hukatika ukiyapinda.