Jibu: Huyo aliyefunikwa vitambaa ni Egungun

Ndugu, umeuliza kama yule mtu kwenye picha za Leonce Raphael Agbodjelou, aliyefunikwa toka utosini hadi nyayoni, amevaa fasheni tu. Hapana. Huyo ni Egungun, mzimu wa ukoo unaorudi kuwatembelea walio hai. Ni mila ya Wayoruba, ambao wako Nigeria na pia nchi jirani ya Benin, na mpiga picha huyu ni mtu wa Porto-Novo, mji mkuu wa Benin.

Litazame vazi lenyewe. Ni mapande ya kitambaa yanayoning'inia tabaka juu ya tabaka, na ukoo huongeza mengine kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo likiwa zito ujue lina umri. Usoni kuna wavu, maana aliye ndani hatakiwi kutambulika. Akizunguka katika ngoma, mapande yanafumuka kama mwavuli, na upepo wake huhesabiwa kuwa baraka. Picha imetulia, upepo huo huuoni. Kwangu mimi hapo ndipo kamera inaposhindwa.

Usimchanganye na Gelede, ngoma nyingine ya Wayoruba yenye vinyago. Ile ni ya kuwaheshimu akina mama na nguvu zao, ingawa wanaocheza na kuvaa vinyago ni wanaume.

Ukimaliza hao, mtafute msanii Romuald Hazoumè, naye wa Porto-Novo. Yeye hutengeneza vinyago kwa madumu ya plastiki, yaleyale yanayobebea petroli ya magendo kutoka Nigeria. Mdomo wa dumu unakuwa mdomo wa mtu, kishikio chake kinakuwa pua. Utacheka kwanza, halafu utanyamaza.