Jibu: Shahada ya elimu ya utotoni baada ya diploma

Dada, umeuliza iwapo inafaa kusomea shahada ya elimu ya utotoni hapa Nairobi ilhali una diploma na tayari unafundisha PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) kule Kayole. Inafaa, lakini fahamu kwanza mwajiri wako atakuwa nani: Katiba ya 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea, kwa hivyo TSC (Tume ya Huduma za Walimu) hukusajili tu, na anayekuajiri katika shule ya umma ni serikali ya kaunti, ambayo mara nyingi huridhika na cheti au diploma. Kwa maoni yangu, shahada itakufaa zaidi ukilenga usimamizi au kufundisha vyuoni.

Masomo yenyewe si nyimbo na michezo tu, kama wengi wanavyodhani (hata mume wangu aliwahi kunicheka): utasoma ukuaji wa ubongo na lugha, nadharia za wanasaikolojia Piaget na Vygotsky kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza, jinsi ya kumtambua mapema mtoto mwenye ulemavu, na namna ya kutengeneza vifaa vya kujifunzia kwa vizibo na maboksi. Ulizia pia kama diploma yako itakupunguzia mihula, na usilipe karo kabla ya kupewa jibu hilo kwa maandishi.