Kioo, Jua na Bili ya Stima: Maswali Yenu

Najenga ofisi ya ghorofa nne Milimani, Kisumu. Ninunue kioo gani kisichopitisha joto?

Swali hili haliishi kuja, na kila anayeuliza husahau kusema ukuta wake unatazama wapi. Kioo kisichopitisha joto hakuna, kuna kinachopunguza. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua la adhuhuri liko utosini, kwa hiyo upande wa kaskazini na wa kusini unakingwa na kibaraza kifupi tu juu ya dirisha. Jua la saa kumi alasiri ndilo la kuogopa: linakuja limeinama kutoka upande wa ziwa, linapita chini ya kibaraza na kutua mezani kwa karani. Upande huo weka ngazi, vyoo na stoo, na ukuta wa mawe wenye madirisha madogo. Hayo huamuliwa kwenye ramani, kabla hata msingi haujachimbwa. Ninyi mnaanzia dukani.

Muuzaji anasisitiza kioo cha tabaka mbili. Kinafaa?

Ulaya kinazuia joto la ndani lisitoroke wakati wa baridi. Kisumu hewa ya ndani na ya nje hazitofautiani sana; kinachowaunguza ni miale. Mwulize: joto la jua likikipiga kioo hiki, asilimia ngapi huingia ndani? Kioo cheupe cha kawaida huingiza takriban 80. Kilichopakwa utando mwembamba wa metali wa kukinga jua kinaweza kushuka chini ya 40 na chumba kisiwe giza. Asipokuwa na jibu, usimlipe.

Pazia za ndani hazitoshi?

Hazitoshi. Joto limeshaingia. Kinga iwe nje ya kioo.

Kuna kioo kinachojitia giza kwa umeme. Je?

Kipo na kinafanya kazi, ila ni ghali. Maliza kivuli kwanza.

Nakuru kuna baridi. Ukuta mzima wa kioo si utatupasha moto bure?

Asubuhi, ndiyo. Saa nane mchana, mkiwa na watu na kompyuta chumba kizima, mtatafuta kiyoyozi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ya usiku ni zawadi, lakini wengi wenu mnaifungia nje kwa vioo visivyofunguka. Mwaka 1933 Le Corbusier, msanifu maarufu, alikamilisha jengo la Jeshi la Wokovu jijini Paris kwa ukuta wa kioo uliozibwa kabisa. Kiangazi kilipofika wakazi waliteseka kwa joto. Ikabidi madirisha ya kufunguka yawekwe, na baadaye kinga za jua zikaongezwa nje. Hiyo ni Paris. Sisi stima ikipotea adhuhuri, wafanyakazi watapumua wapi?

Fundi anasema kioo kilichokazwa kwa moto ni salama juu ya njia ya watu.

Kikivunjika hugeuka chembe ndogo, lakini chembe hizo zinaanguka, wakati mwingine zikiwa zimeshikamana mabonge. Juu ya wapita njia dai kile cha vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, ambacho vipande vyake hubaki vimeng'ang'ania. Na iandikwe kwenye mkataba, maana kwa macho huwezi kuvitofautisha vikishapachikwa.